Kijito cha Ngome ya Baraka

Jumatatu, 2 Juni

Baraka, mwanangu.

Chai, dawa ya presha, kisha kompyuta yako. Ndivyo asubuhi zangu zilivyo hapa mtaa wa Soweto tangu dada yako Neema aniwekee meza dirishani. Miezi tisa tangu tukuzike Rujewa. Baridi ya Mbeya imeshika. Nacheza nimevaa koti.

Ngome yako ya kwenye mchezo ni nzima. Watu arobaini na wanne, wafupi, wenye ndevu, wachapakazi. Uliniambia jambo moja tu kuhusu mchezo huu: ngome ikifa imekufa, hairudi. Nilicheka. Sasa sicheki.

Yule mchimbaji uliyempa jina lako ameangukiwa na jiwe. Mguu. Amelala wodini, chumba cha chini. Nimejifunza kitu. Wazima wa humu wanakunywa pombe tu, kama Iringa msimu wa ulanzi wa mianzi. Majeruhi hapewi pombe. Anataka maji. Na majira ya baridi ya mchezo yakifika, kijito kitaganda chote. Haitapatikana hata ndoo moja.

Sitaki Baraka afe mara ya pili.

Jumatano, 4 Juni

Nimekaa kukitazama kijito. Hiyo kazi naijua.

Chembamba. Watu wanatembea juu yake kama sakafuni, hawalowi. Maji na samaki wanapita chini yao. Ajabu. Ukitaka kuyahamisha maji, sharti uitoboe hiyo sakafu. Yanapimwa kina, moja mpaka saba. Moja inalowesha nyayo tu, inakauka yenyewe. Saba ni kuzama.

Ulikuwa umeanza birika la kuhifadhia maji chini ya ardhi, kusikoganda. Kuta zimenyooka. Pembe zote sawa. Nimejivuna, peke yangu, mbele ya kompyuta. Ulibakiza mfereji tu.

Mfereji ni wangu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekosea. Vibaya.

Miaka thelathini majaruba yangu ya mpunga yalikuwa ya mwisho kwenye mfereji. Walio karibu na banio, pale maji yanapotolewa mtoni, wanajaza kwanza. Kwangu yanafika machozi. Mtu wa mwisho hajifunzi kuziba. Anajifunza kupanua. Basi nimetoboa kijito sehemu tatu, nikachimba mfereji mpana, bila lango. Nikangoja yaje kidogo kidogo.

Yamekuja yote. Kijito hiki hakina mtu wa juu wala wa mwisho. Kinaingia ukingoni mwa ramani saa zote na hakipungui. Birika limejaa kabla chai yangu haijapoa. Yakafurika ukumbini, yakashika njia ya wodini. Tatu. Nne. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Wamesimama wote. Maji pia.

Neema akatokea jikoni. "Baba! Mgonjwa kaomba kikombe, wewe umempelekea mto!" Kisha akaniona uso. Akanishika bega.

Jumamosi, 7 Juni

Bado wamesimama. Siku mbili. Naogopa kubonyeza. Napita nyuma ya kiti bila kutazama.

Nimekumbuka zamu yetu ya maji, ulipokuwa na miaka saba. Ulikimbia kando ya mfereji, miguu peku, ukishindana na maji ya kwanza mpaka kwenye jaruba letu. Ukifika unapaza sauti: "Yamefika!" Na hayajafika. Kila mara uliyatangulia kwa hatua kumi hivi. Nami nilisimama na jembe nikiamini.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada. Neema amenionyesha kwamba mchezo ukiwa umesimama, kazi unaweza kuagiza. "Bonyeza taratibu, Baba. Unalima?"

Nimeagiza mlango wa jiwe kwenye hatua ya mwisho iliyo kavu ya njia ya wodini. Mlango uliofungwa humu unazuia maji. Lakini lazima mtu aulete. Asipowahi, kwisha.

Nikabonyeza.

Maji yakaenda. Fundi mmoja akaacha pombe yake, akabeba mlango. Anatembea kama ana siku nzima. Moja ikafika miguuni pake. Mbili. Akaupachika.

Umeshika. Upande wa pili yamejaa mpaka saba, na mlango umeshika. Wodini kukavu.

Neema akapiga vigelegele kama yuko harusini. Jirani akabisha kuuliza nani kaposwa. Mimi nilibaki nimekaa.

Nimekuwa mkulima maisha yangu yote. Sijawahi kuwa na maji mengi kiasi cha kuyafungia mlango. Najisikia mkubwa.

Jumatano, 11 Juni

Kijito kimeganda. Cheupe, ukingo hadi ukingo. Wanapita juu kama jana.

Birika halijaganda. Limejaa. Nimeweka kisima juu yake, na kabla barafu haijayeyuka nitaweka lango. Safari hii nitaweka.

Mwuguzi akashusha ndoo, akaipandisha. Akaenda nayo polepole mpaka wodini. Mchimbaji akanywa.

Neema alikuwa kazini. Nikasema kwa sauti, peke yangu: yamefika.

Mguu wake utachukua muda. Ninao muda.

Ulijenga vizuri, mwanangu. Mimi nimemalizia mfereji tu. Huko uliko, unikumbuke.