Shimo la Mia Nne na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Alhamisi tarehe 19/06/2025, saa 3:15 asubuhi, kituo kidogo cha polisi, Kata ya Igurwa, Wilaya ya Karagwe.
Jina: Mackrine Apolinary Kamugisha
Umri: miaka 58
Kabila: Mnyambo. Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: mkulima, Mwenyekiti wa Baraza la Chakula la Kata
Kuhusu: kung'olewa kwa migomba ya Baraza. Mtuhumiwa: Gaspari Hagenimana

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja mwenyewe kwa miguu, sikuitwa na mtu. Koplo Eliud ameniambia nieleze nilichokiona tu, nisichanganye mambo. Nitajitahidi, lakini mambo yenyewe yamekwisha kuchanganyika.

Baraza letu lina wajumbe kumi na mmoja. Tunakaa na kuamua kata ilime nini na akiba ya chakula iwekwe wapi. Mwaka jana ugonjwa wa mnyauko uliingia vibanjani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba ya nyumbani. Leo mgomba umesimama vizuri, kesho majani yamelegea, ndizi inaiva kabla ya kukomaa, ukiikata ndani imeoza. Kaya arobaini hazikubakiwa na mgomba hata mmoja. Watu waliozoea kumenya ndizi kila siku wakaanza kupima unga kwa kikombe.

Mwezi wa pili mwaka huu tulipata ruzuku ya dharura, ile yanayopewa mabaraza ya chakula yaliyopatwa na janga. Tulibishana siku mbili. Wengine walitaka yanunuliwe mahindi watu wapate kula. Mimi nilisimama nikasema, mahindi yataisha, tununue miche safi ya maabara, tuipande shamba moja, machipukizi yake yagawiwe kwa kaya zote arobaini. Wakanikubalia. Kwa hiyo watu wamelala njaa kwa neno langu, wakiisubiri migomba ile.

Mnamo tarehe 14/03/2025, saa 2:00 asubuhi, tulipanda miche mia nne, mistari ishirini, kila mstari miche ishirini. Bwana shamba Jovitus alitoa masharti na mimi nikayarudia kwa Kinyambo ili asiwepo wa kusingizia hakusikia. Mche wa nje usiingie, hata mmoja. Panga la nyumbani lisiingie. Lililomo lipitishwe motoni kila likitoka kwenye mgomba. Kibarua wa kulilinda na kulipalilia shamba tulimweka Gaspari Hagenimana. Wazazi wake walitoka Rwanda, yeye kazaliwa Nyakakika, na hapa kwetu anaishi na mkewe Nikuze na watoto wao watatu.

Jana, tarehe 18/06/2025, saa 12:40 asubuhi, nilikuwa napita kwenda kisimani. Nikamwona Gaspari katikati ya shamba na jembe. Migomba imelala chini yote. Yote, Koplo. Nilidhani naota. Ndoo iliniponyoka. Nikasema, "Gaspari, umetuua!" Akasema, "Mama, ni ugonjwa. Nimempigia bwana shamba jana jioni, yuko Kyerwa, kaniambia ning'oe nifukie, anakuja." Nilimwita mwongo. Nikapiga yowe.

Kwetu yowe likipigwa, aliyekaa anasimama. Walifika watu kama sitini, na wengi ni wa zile kaya arobaini. Hawakuuliza kitu. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Mimi sikumpiga, lakini sikusema waache. Nilisimama pale nimeshika kichwa, naitazama migomba.

Saa 3:30 asubuhi Jovitus alifika na pikipiki, akapiga kelele hadi wakamwacha. Alichukua mgomba mmoja, akaukata shina mbele yetu. Ulitoka usaha wa njano. Akakata wa pili, wa tatu, wa kumi. Ni usaha tu. Jovitus akasema, "Huyu mliyempiga ndiye aliyetaka kuvinusuru vibanja vyenu." Hapo mimi nikakaa chini kwenye udongo.

Kisha Jovitus akaanza kupita kwenye mashimo. Alipofika pembeni, karibu na lango, akasimama. Akaniuliza, "Mama Mwenyekiti, tulipanda mistari ishirini. Hili shimo la nje ya mstari ni la nini?" Lilikuwa shimo la mia nne na moja. Sikujibu. Mtu nyuma akasema Gaspari kaleta chipukizi la kwao lenye ugonjwa. Basi, wote wakakubali. Polisi wakaja, wakamchukua damu ikimtoka sikioni.

Sasa, Koplo, rudi juu pale tarehe 14/03. Kuna jambo sikulisema. Andika.

Siku ile ya kupanda, saa 11:00 jioni, watu wameshaondoka, nilirudi na chipukizi la nshakara, mgomba wetu wa asili, kutoka kibanjani kwangu. Bibi yangu alinilea hivyo: kibanja kipya hukifungui mikono mitupu, lazima uingize mgomba mmoja wa nyumbani, ndipo kitakaa. Nililitazama shamba lile nikaona miche mia nne ya chupa za maabara, hakuna hata mmoja uliotoka kwa mtu. Roho ilikataa. Nikajiambia, kibanja changu hakijaugua, na mmoja tu utadhuru nini? Nikaupanda karibu na lango. Mimi, niliyeyarudia masharti kwa Kinyambo!

Gaspari aliniona. Akasema, "Mama, si mlisema...?" Nikamkatiza, "Wewe linda, usinifundishe migomba." Akainama, akaendelea na kazi yake. Na kila Jumamosi nilikwenda kukata majani makavu kwa panga langu la nyumbani. Naanza na mgomba wangu, halafu napita mstari hadi mstari. Sikulipitisha motoni hata siku moja. Niliona ni mambo ya wataalamu.

Jana saa 8:00 mchana niliingia kibanjani kwangu, nikakata mgomba mama wa chipukizi lile. Kwa nje ulikuwa mzima, una mkungu mzuri. Ndani ni usaha ule ule. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Saa 12:00 jioni Nikuze alikuja kwangu. Nilijua amekuja kunitukana, nikawa tayari. Akapiga magoti akasema, "Shikamoo Mama Mwenyekiti. Niombee kwa polisi, wanasema watamrudisha kwao, na kwao ni hapa." Hakuwa na habari ya kitu chochote. Mumewe hata yeye hakumwambia. Nilimwinua, nikamwacha aende bila kumwambia ukweli. Huo uoga wangu nauona aibu kuliko kosa lenyewe.

Leo, kabla ya kuandika haya, Koplo amenipa dakika tano na Gaspari mahabusu. Jicho moja halifunguki. Nikamuuliza, "Mwanangu, walipokupiga, mbona hukunitaja?" Akasema, "Ulikuwa umesimama pale, Mama. Nilikuwa nasubiri useme."

Mimi ndiye niliyeleta ugonjwa, na mimi ndiye niliyepiga yowe. Gaspari hana kosa. Haya nimeyasema kwa kinywa changu bila kulazimishwa, nimesomewa na nimeona ndivyo yalivyo.

Sahihi: M. A. Kamugisha

Maelezo ya askari: Shahidi nimemsomea maelezo yake, akasaini mbele yangu saa 4:50 asubuhi. Alishauriwa aondoe sehemu ya kuanzia maneno "rudi juu" hadi apate mtu wa kumshauri kisheria. Alikataa. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu na kupelekwa zahanati. Shahidi aliomba ruhusa ya kwenda kung'oa kibanja chake, akaazima jembe la kituo.
Koplo Eliud