Uso wa Rael

Jumamosi, Laini Saba

Hakuna mtu anachora vichwa kwa ukuta wa kinyozi kunishinda, kutoka Kianda mpaka Kongo huko Kawangware. Naandika hivyo nijikumbushe, kwa sababu leo nimeaibika.

Binti yangu Nekesa alinipeleka mjini kuona makumbusho mawili ya picha. Ya kwanza nilicheka tu. Ya pili ilikuwa na kazi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Hao watu wanajua rangi, nakubali. Halafu kulikuwa na meza ya wafu wao. Wameweka maua ya manjano, mkate, na picha za waliokufa, ndio wakirudi wajue ni kwao.

Nikamwambia Nekesa, "Hii hata mimi naweza."

"Sasa Baba, ya Mama utaweka gani?"

Mke wangu Rael alikuwa na picha moja tu, na iliungua na nyumba. Akiwa hai aliniomba nimchore, nikamjibu, "Si uko hapa? Nikuchore ya nini?"

Tangu turudi nimejaribu mara sita. Kila mara inatoka pua ya vile vichwa vyangu vya ukuta wa kinyozi. Macho yake siyaoni. Nafunga yangu, bado siyaoni. Mungu wangu, miaka yote hiyo kitanda kimoja!

Nekesa akakaa kwa mwangaza. "Basi nichore mimi, Baba. Labda utampata."

Nilimwangalia sana. Watoto wetu wote wanafanana na mimi. Nilijisifia hayo maneno hata siku tunamzika Rael.