Bugali ya Maman, pilau ya mama mukwe

Amisa!! Uko? Nimejifungia kwa choo ya kwabo muchumba wangu Idrissa, niko nacheka peke yangu.

Unajua leo njo siku ya kwanza mama mukwe ananialika kukula. Basi Maman akanilazimisha kukula mbele ya kutoka kwetu. Bugali muzima na sombe ya majani ya muhogo! "Usiende kwa watu na njaa, watasema tulilea mulafi."

Nafika huku: pilau, mbuzi, samaki ya sambaza. Kila nikisema "aksanti mama, nimeshiba", anaongeza. Utakatala aje mukono ya mama mukwe?

Sahani ya tatu, moyo ikaanza kukimbia. Amisa, kama pikipiki inapanda mulima ya Nguba! Nikashika meza, nikasema mbele ya wote: "Mama, niko nakufa."

NIKO NAKUFA. Kwa meza ya watu!!

Mama mukwe alitumika kazi miaka makumi tatu kwa hospitali. Akanishika mukono, akahesabu mapigo kwa saa: cent dix-huit, mia moja kumi na nane kwa dakika! "Binti, leo umekula nini?"

Nikaungama yote. Hata bugali ya Maman.

Idrissa anaangalia chini. Kisha mama akacheka mupaka kitambaa ya kichwa ikaanguka! "Mie pia mama yangu alinishibisha kule Uvira mbele ya kukuja hapa. Nilitapika kwa mukeka ya mukwe wangu!"

Moyo imetulia. Anasema ikirudia tuende kwa docteur.

Lakini amenifungia pilau nipelekee Maman. Na unamujua Maman: hawezi kukula peke yake.