Pasi Yangu na Alama ya Kikombe

Nyumbani kwa dada yako,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Shemeji,

U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unatembea kama mtu anayetafuta sindano? Sisi huku hatujambo. Goti langu linatabiri mvua isiyonyesha, na dada yako amenawiri, tena kupita kiasi. Nitalifikia hilo.

Kwanza furahi: nimeiokoa meza aliyotuachia mama yenu! Ilipata alama nyeupe ya duara, katikati kabisa, nami nikaiondoa kwa mikono yangu hii miwili. Leo unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo.

Haya, njia ya mwongo ni fupi. Mikono yangu iliweka kikombe cha moto, basi. Aliyeiondoa alama ni Fundi Msasa, seremala mstaafu, mgane wa nyumba ya pili.

Si kwamba sikujaribu. Nilisugua kwa dawa ya meno hadi mkono ukafa ganzi. Alama ikabaki palepale, na kando yake nikaongeza kovu. Dada yako hakunigombeza. Alimwita tu huyo Fundi. Heri angenitukana.

Akaja na pasi yake kwapani. Akakunja kitambaa cheupe kikavu, akakilaza juu ya alama, akapitisha pasi ya uvuguvugu bila tone la maji: agusa, ainua, achungulia. Mimi nyuma ya gazeti naomba aiunguze meza. Weupe ukatoweka kama haukuwahi kuwapo! Kovu langu akalipaka nta, akafuta taratibu kufuata mistari ya mbao.

"Kumbe mikono ipo!" dada yako akasema, macho kwangu.

"Mbao ni kama mke, mama," akajibu bwana yule. "Haitaki papara."

Sikia mgane anavyofundisha ndoa! Akanywea chai kwenye kikombe cha wageni, na kisahani chake. Mimi nikapewa kopo la bati.

Sasa juzi imezuka alama nyingine, juu ya kabati. Kabati sikuligusa, naapa. Nilipouliza, dada yako akacheka: "Si kitu, Fundi atapita Alhamisi." Na gauni lake la kutokea liko kwenye kamba, linapunga upepo.

Wivu ninao, Shemeji, sikufichi. Meno yameng'oka yote, huo umebaki na mizizi. Lakini kazi ile nimeiiba kwa macho. Nta ninayo, kitambaa ninacho. Nataka Alhamisi akute kabati linang'aa, na mimi nimekalia kiti alichokalia yeye, nanywea kikombe kile.

Nisalimie mkeo, binti yenu mshonaji, na mama mkwe wako mwenye sauti ya tarumbeta. Mungu awape usingizi mtamu na magoti yasiyolalamika.

Wako akupendaye japo hustahili,
Mzee Goti.

Nilitaka kusahau, nimeshindwa: ile pasi yangu uliyoazima unyooshe shati moja tu la safari, nadhani shati lenyewe sasa ni tambara la deki. Mpe dereva wa basi aniletee kabla ya Alhamisi. Ukichelewa, anza kujizoeza kumwita Fundi Msasa shemeji.