Mlinzi wa Meli, Walii wa Siham

Melini, 12 Januari 2025

Mwanangu Siham,

Salamu zikufikie hapo Mabawa, nyingi kama kokoto za reli. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Miye mzima, nimenenepa hata mkanda umekataa.

Usiwasikilize wa redio. Meli yetu imezuiwa, ndiyo, lakini kwa heshima. Nchi ndogo za huku zina mkataba wa kulinda bahari, zimetushika kwa sababu ya mafuta tuliyobeba. Dola moja kubwa inasema ni ya adui wake, ni marufuku. Ya pili inasema ni yake, atakayeyagusa ataona. Kila moja imeleta manowari, sisi tupo katikati kama nyama ya sambusa. Admirali mmoja kanipungia mkono. Nami, mpishi, nikampungia mwiko. Akageuza mizinga upande mwingine. Wallahi!

Harusi yako nitakuwapo. Marehemu baba yako, kaka Marwan, hakuacha mtoto wa kiume. Nani wa kukuozesha kama si miye? Simu hapa haishiki, barua zangu mletaji maji huzipiga picha, akazituma akirudi nchi kavu.

Ami yako,
Mselem

Mabawa, 20 Januari 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, kifua kimepoa kwa mdalasini. Mama anasema kama umenenepa kweli tutumie picha, si habari za mkanda.

Watu wa Yazid kule Maramba wamekubali Ijumaa ya tarehe 18 Aprili, mfunguo mosi. Shekhe Himyar anasema ukiwa mbali unaweza kumpa uwakala akuozeshee. Nimekataa. Siku ya kumzika baba nilikuwa na miaka sita, na mkono ulionishika ulikuwa wako. Nataka mkono huohuo umshike Yazid siku ya nikahi. Shuka uje.

Bintiyo,
Siham

Melini, 9 Februari 2025

Binti yangu,

Waambaje? Mama yako hajambo? Waambie wapige vigelegele!

Mabaharia wanarudishwa makwao. Jana wamekuja watu wa mahakama na karatasi ya Kiarabu, wakauliza nani anakijua. Wenzangu kumi na wanane kimya. Miye niliyehitimu juzuu thelathini hapo chuoni Mabawa, ninyamaze? Nikaisoma yote kwa tajwidi. Haikuwa na irabu, nikatia za kwangu. Ofisa akasema mashaallah. Akaniuliza jambo, nikamjibu naam, nikatia sahihi. Naona ni hati ya heshima, maana nimepewa peke yangu. Picha yake hiyo, waonyeshe majirani.

Ami yako mkubwa,
Mselem

Mabawa, 17 Februari 2025

Ami,

Shikamoo. U mzima? Nijibu hilo kwanza.

Shekhe Himyar kaisoma karatasi mara mbili, kisha kavua miwani. Inasema Mselem ameisoma mwenyewe, ameielewa, na amekubali kuwa haris, yaani mlinzi wa meli kisheria. Hashuki mpaka meli iuzwe. Na haiuzwi mpaka dola zile mbili zipatane mafuta ni ya nani.

Waambie hukuelewa! Waambie kwetu tunasoma herufi tu!

Siham

Mabawa, 25 Machi 2025

Ami,

Shikamoo. Siku thelathini na sita kimya. Mama anakuwekea sahani kila futari. Yazid yu radhi tuahirishe. Sema neno tu.

Bintiyo

Melini, 13 Aprili 2025

Siham mwanangu,

Salamu. Kifua chako? Miye afya nusu. Mkanda nimeutoboa tundu mbili, za ndani, za kuukazia.

Sikuandika kwa aibu. Wenzangu wameondoka wote. Nawasha jiko la watu kumi na tisa kwa chai ya mmoja. Nilimwambia yule ofisa sikuelewa, mletaji maji akitufasiria. Akacheka: "Ulisoma vizuri kunishinda miye." Na manowari zipo palepale. Hakuna aliyenipungia mkono, mwanangu, hata siku ile.

Usiahirishe. Wakubwa wale hawana haraka, hawana harusi. Hii mpe Shekhe:

Mimi Mselem bin Khalfan, walii wa Siham binti Marwan, nampa Shekhe Himyar uwakala amwozeshe kwa Yazid, kwa ridhaa ya Siham mwenyewe. Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa mkono ule ule. Nimeisoma. Nimeielewa.

Ami yako