Wamemnyoosha Bwana Kibegi Masikio

Jumatano, Agosti. Tunduma.

Upepo umeanza kabla ya jogoo na mpaka sasa haujachoka. Vumbi limeingia kwenye chai, kwenye blanketi, kwenye meno machache niliyobaki nayo. Madereva wa malori wamejifungia garini kama kuku wanaoatamia. Wengine huamka na mafua. Mimi leo nimeamka na dharau, na imepanda kadiri jua lilivyopanda.

Naandika kwa kidole kimoja, kwenye ukurasa huu alionifungulia mjukuu wangu ili nisimchoshe kwa hadithi. Niliishia darasa la nne. Anayetaka nukta mahali pake aende kwa mwalimu.

Nimetoka Iyula, kwa Eneria Namfukwe.

Kwa wasiomjua, na ni wengi, maana kizazi hiki kinamjua kila mcheza mpira wa Ulaya mpaka jina la mbwa wake: Eneria ndiye mwanamke wa kwanza huku kwetu kuchora magazeti ya katuni. Sisemi maua ya kwenye vitambaa vya meza. Nasema hadithi nzima, kisanduku baada ya kisanduku, watu wanakimbia, wanaanguka, maneno yanawatoka mdomoni. Alichorea kwenye duka la mama yake hapa Tunduma, kati ya chumvi na sabuni, kwa kalamu ya kuchovya kwenye wino. Kurasa alizisokota ndani ya bomba la plastiki la maji zisikunjamane, akampa kondakta wa basi la Dar awapelekee wenye gazeti.

Alitia saini jina la ukoo tu. Huku kwetu mtoto wa kunyonya anajua Namfukwe ni mwanamke, kaka yake ni Simfukwe. Wakubwa wa Dar walijulia wapi? Miaka miwili walimwandikia barua za "Mpendwa Bwana". Siku alipokwenda mwenyewe, mhariri alimtazama juu mpaka chini akasema, "Umetumwa na kaka yako? Mwambie aje mwenyewe." Eneria akavuta kiti, akamchora yule mhariri palepale, tumbo lote, mpaka kifungo cha shati kilichokuwa kinataka kuruka. Akamsukumia karatasi.

Mhariri akaagiza soda.

Halafu wakamwambia achore ukurasa wa mapishi. Mwanamke ana wino, basi achore sufuria! Akakataa. Akarudi nyumbani, akawapelekea Bwana Kibegi.

Bwana Kibegi ni mimi.

Enzi hizo nilikuwa navusha sabuni na mafuta ya kupikia kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa njia za panya. Nilivaa koti la marehemu baba, limenifika magotini, na mkononi kibegi kisicho na kitu ndani, ili nionekane karani. Masikio yangu mnayaona kwenye picha hapo juu, sina cha kuongeza. Nilipita mbele ya duka lao kila siku, naye akanichukua mzimamzima. Kila mwezi Tunduma yote ilinisoma. Hata akina mama wa Nakonde wasiojua Kiswahili walicheka kwa picha tu, wakawa wananisalimia kwa kelele, "Ba Kibegi, mulishani!" Siku moja nikaenda kumgombeza. Akaniambia, "Kaa hapo. Geuza shingo kidogo." Mwezi uliofuata nikatoka nimekasirika, ukurasa mzima.

Nilimchukia. Na kila toleo lilipofika stendi, wa kwanza kulinunua nilikuwa mimi.

Zikaja simu, magazeti ya katuni yakafa. Eneria akarudi Iyula kwenye kahawa za baba yake, na hakuna aliyemuuliza habari. Wale waliokuwa wanasema kazi hiyo ni ya wanaume ndio leo wanaotafuta "mwanamke mwanzilishi" wa kumbandika kwenye bango. Nawaona. Wangeweza kumtafuta akiwa na macho.

Maana macho hana tena. Ameshikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, anaona ukungu tu. Jana alinipigia simu. Kuna bwana wa kampuni ya vitabu iliyorithi kurasa za lile gazeti lililokufa, anakuja kutoka Dar, wanataka kuchapa upya hadithi za Kibegi, kitabu kizima, jina lake juu. Nije nimwangalizie. Nikamuuliza kwa nini mimi, ilhali ana wapwa waliosoma mpaka wakachoka.

"Wale watasema ni nzuri," akasema. "Wewe sura yako unaijua."

Basi leo huyo bwana akafika. Mtu mzima wa miaka arobaini, viatu vina ncha ya kuchokolea meno. Alijitambulisha kuwa mkurugenzi wa ubunifu. Kila dakika anapangusa vumbi la Iyula kwenye viatu, kana kwamba limemtukana. Akaanza hotuba: mama yetu, nguzo yetu, taa yetu.

"Taa gani isiyoona?" Eneria akamkatiza. "Weka karatasi mezani, baba."

Akaziweka. Akaeleza kwamba wamezichora upya kwa kompyuta "kuendana na wakati", na mama akisaini leo mashine zinaanza Ijumaa.

Nikafungua.

Jamani. Bwana Kibegi ana masikio mawili yaliyolingana! Yamelala kichwani kwa adabu kama ya mtangazaji wa televisheni. Meno yote yamo. Koti la marehemu baba limeondolewa, kavishwa shati jeupe la mikono mirefu. Havushi sabuni kwa njia za panya tena, sasa ni mjasiriamali, anapanga foleni forodhani na makaratasi yake, anatabasamu. Tope la Tunduma wamelifagia lote. Mkewe, ambaye Eneria alimchora anavuka mto na baiskeli kichwani huku mume kabeba kofia, sasa amekaa kwenye sofa na glasi ya juisi. Kurasa tisini na hakuna hata mtu mmoja aliyeanguka. Nimeona vipeperushi vya dawa ya minyoo vinachekesha kuliko kile.

Yule bwana akayatazama masikio yangu, akaniinamia. "Mzee, kumbe ndiye wewe? Umependeza."

Hapa sasa naandika kitu ambacho sikumwambia mtu.

Nilifurahi. Mzee mzima, nina vitukuu, na moyo wangu ulifurahi kama wa msichana aliyesifiwa gauni. Miaka yote hiyo nimekuwa kichekesho cha mpaka mzima. Nikawaona watoto wa shule wakifungua kitabu, wananikuta ni mwanamume mzuri. Kuna ubaya gani? Ameshachekwa nani zaidi yangu?

Eneria akauliza, "Wamemwacha kama alivyo?"

Nikasema, "Wamemwacha."

Hivyo tu. Uwongo mwepesi kuliko pumzi. Yule bwana akatoa kalamu haraka, akamshika Eneria mkono, akamwelekeza kwenye mstari. Eneria alikuwa ameshagusisha kalamu kwenye karatasi aliposema, "Ngoja. Kile kisanduku cha gunia. Jicho lake linaonekana?"

Nilikijua. Kibegi kajificha kwenye gunia la maharage, na afisa wa forodha kalikalia juu, anakula muhindi. Lile gunia lilikuwa la kweli na ndani nilikuwemo. Tunduma yote ilicheka kisanduku kile wiki nzima. Lakini Eneria alitoboa tundu dogo kwenye gunia, na kwenye tundu akachora jicho moja. Watu wote waliona mpumbavu kwenye gunia. Yeye peke yake aliona kwamba nilikuwa naogopa, na aliweka ile hofu pale, kwa nukta mbili za wino, bila kumwambia mtu.

Nikapekua. Kwenye kile kitabu gunia halipo. Bwana Kibegi anashikana mkono na afisa.

"Eneria," nikasema, "nimekudanganya."

"Najua," akasema. "Umejibu haraka mno. Haya, nisomee uchafu wao."

Nikamsomea wote, kisanduku baada ya kisanduku: shati, meno, sofa, glasi ya juisi. Nilipofika kwenye masikio akacheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye gunia hakucheka. Akaiweka kalamu chini, polepole, akapapasa mpaka akaisogeza mbali naye.

"Chapeni nilivyochora mimi," akamwambia yule bwana. "Mnazo kurasa zangu, nilizituma mwenyewe."

Akajibu kwamba zile haziuziki, soko limebadilika, wazazi watalalamika, na kwamba kampuni inamheshimu sana mama lakini Ijumaa ni Ijumaa. Kama hasaini, watatafuta mwanzilishi mwingine. Alisema hivyohivyo, mwanzilishi mwingine, kama anayetafuta tairi la akiba.

"Mtafuteni," Eneria akasema. "Na huyo naye mkamnyooshe."

Akaondoka. Alisahau kuaga lakini viatu alikumbuka kuvipangusa.

Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Nikakaa pale kifua mbele, nasubiri kushukuriwa. Eneria aliweka mikono juu ya meza mahali zile karatasi zilipokuwa. Kisha akasema, "Nilitaka kukishika, Kibegi. Kitabu chenye jina langu. Hata bila kukiona."

 

Niko nyumbani sasa, masikio yanauma kwa upepo. Yule bwana namdharau, kampuni yake naidharau, mabango yao nayadharau, na wale vijana wa kompyuta walioogopa kuchora tope nawadharau zaidi. Pia najidharau mimi kwa lile "wamemwacha", na sitalifuta hapa.

Ila hili linanisumbua. Ningenyamaza, Ijumaa mashine zingeanza, naye angekishika kitabu mikononi kabla hajafa. Kingekuwa cha uwongo, lakini angekishika. Nimemwambia kweli, na mikono yake imebaki juu ya meza tupu. Je, nilisema kweli kwa ajili yake, au kwa ajili ya lile jicho langu kwenye gunia?

Sijui. Namba ya yule mkurugenzi ninayo, alinipa kadi yake aliponiona nimependeza. Asubuhi nitampigia, na nitampigia kila siku mpaka anichukie, nimwambie arudishe gunia na kila kitu cha mama wa watu. Akikata simu nitapiga tena.

Kesho nitaamka na uso huuhuu. Asiyeupenda atazame malori.