Kofia ya Baba na Salamu Arobaini na Nane

Dada mshauri, nakuandikia huku nimeishika kofia kwa mikono miwili, mimi Napari wa Tamale, niliyemkodolea fisi macho mpaka akaniomba radhi, leo nababaishwa na mtoto wa dada yangu. Kofia ni ya marehemu baba, nikiivaa watu huniamkia kabla sijafungua mdomo, hata punda husimama, lakini shemeji yangu Fuseini akanicheka sokoni, "Wanaamkia mvi zako, si kofia!" basi tukawekeana dau: ikithibitika ina nguvu, ataniamkia amechuchumaa mwaka mzima, ikithibitika haina, ni yake. Mpwa wangu Memunatu, anayesoma chuo kikuu, akakaa kando na daftari, wakapita watu arobaini nimevaa kofia, ishirini na sita wakaniamkia, wakapita arobaini niko kichwa wazi, wakaniamkia ishirini na wawili (nakiri, nikiwa na kofia nilikohoa kidogo ili wanione). Asilimia sitini na tano kwa hamsini na tano! Nikaanza kucheza.

"Ngoja, Mjomba," akasema. "Tofauti ni kumi, ila kwa watu wachache hivi, ya kweli yaweza kuwa popote, toka kumi na moja chini ya sifuri hadi thelathini na moja juu yake."

Nikamwambia akate upande wa chini.

"Mjomba, huo si mkia wa mbuzi!"

Sasa Fuseini anasema sifuri imo humo, nimeshindwa, Ijumaa anakuja kuchukua kofia. Memunatu abadilishe hesabu, au mimi nisafiri?

*

Mzee Napari, usisafiri, na mwache binti wa watu na daftari lake. Pole, kofia ya baba inauma. Lakini kukohoa! Sasa tutajuaje waliamkia kofia au kikohozi?

Fuseini naye asijitape. Sifuri kuwamo ndani maana yake kofia huenda haifanyi kitu. Thelathini na moja nayo imo, maana yake huenda inafanya makubwa. Hesabu imesema haijui. Hakuna kilichothibitika, kwa hiyo kofia haitoki nyumbani kwako Ijumaa.

Rudieni. Watu mia nne kwa kofia, mia nne bila kofia, sarafu irushwe ichague saa ya kuvaa na saa ya kuvua, na wewe mdomo ufunge. Wakiwa wengi hivyo, hayo masafa ya toka chini hadi juu yatabana, na mmoja wenu atanyamaza.

Ijumaa Fuseini akifika, vua kofia, umwamkie wewe kwanza. Na huyo usimtie kwenye hesabu.